Kuuzisha gari ya mwendo iliyobadilishwa: kwa nini pesa ya vipuri hairudi

Katika miji ya mashariki, kuanzia Bunia hadi Uvira, kuna gari ambazo watu wa kartye wanazijua kwa sauti kabla hazijaonekana. Bomba la moshi limepanuliwa, gari imeshushwa karibu na udongo, janti ni kubwa, na chini ya kapo kuna turbo ambayo haikutoka nayo kiwandani. Mwenyewe ametumia miaka kuijenga. Halafu siku inafika anataka kuiuzisha: mtoto anaingia chuo kikuu, kuna parseli imepatikana, ao amechoka tu na garaji. Hapo ndipo anagundua jambo ambalo fundi hakumwambia. Pesa aliyoweka ndani ya ile gari, sehemu kubwa haitoki tena.

Hiyo si bahati mbaya ya mtu mmoja, na si ya Kongo peke yake. Inatokea Tokyo, inatokea Nairobi, inatokea California. Kuna sababu zake, na kuna njia za kupunguza hasara. Kuna pia upande ambao wauzaji hawapendi kuuzungumzia: gari ya namna hii ikiuzishwa kwa kuficha mambo inaweza kuua mtu, na jina lililo kwenye karte roze ndilo polisi ya barabara itaanza nalo.

Gari zenyewe ni zipi

Nyingi ni za Japani, za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000. Watengenezaji wa kule walikuwa na mapatano ya kutotangaza gari yenye nguvu kupita farasi 280 kwa soko la nchi yao. Mapatano hayo yalianza 1989 na yakaisha 2004. Kwenye karatasi kila kiwanda kilibaki kwenye 280, lakini ndani ya motere mainjinia waliendelea kushindana. Ndiyo maana motere za wakati ule zina chuma kinachovumilia kuliko nguvu iliyoandikwa, na fundi akiongeza hewa na mafuta, zinakubali.

Inayojulikana zaidi ni 2JZ-GTE ya Toyota Supra, gari iliyotengenezwa kati ya 1993 na 2002: lita 3, silinda 6 kwenye mstari mmoja, turbo mbili. Ndugu yake mdogo, 1JZ-GTE ya lita 2.5, iliingia ndani ya Mark II, Chaser na Cresta. Nissan ilikuwa na RB26DETT ya lita 2.6 ndani ya Skyline GT-R. Mitsubishi iliweka 4G63 ndani ya Lancer Evolution mpaka ile ya tisa. Subaru Impreza ina motere ambayo pistoni zake zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule. Hizo pistoni pamoja na mirija ya moshi isiyolingana urefu ndizo zinaleta ule mngurumo ambao watoto wanaujua.

Herufi hizo si mapambo. Kwa Toyota, T ni turbo na E ni mafuta yanayorushwa kwa umeme. Kuna Supra nyingi zenye 2JZ-GE, bila T, yaani bila turbo. Kwa macho ni gari ileile, lakini kwa nguvu na kwa bei haziko pamoja. Muuzaji anayesema tu “iko na 2JZ” hajasema neno. Mnunuzi aende kusoma namba kwenye motere yenyewe.

Hesabu inayouma

Tuchukue mfano wa kubuni, juu hesabu ikiwekwa wazi inaeleweka haraka. Mtu amenunua Chaser kwa dola 7,000. Ameweka turbo kubwa, 1,500. Amortisere za kushusha gari, 800. Janti na pine, 1,200. Kompyuta ya motere, 900. Rangi mpya, 600. Mikono ya mafundi, 1,000. Jumla ya nyongeza ni 6,000, na kichwani mwake gari ile ni ya 13,000. Anatangaza 12,000 akiamini kwamba ameshaonea huruma mnunuzi.

Mnunuzi anahesabu namna nyingine. Anajua Chaser ya mwaka ule, ikiwa nzima na haijaguswa, inapatikana kwa 7,000 ao chini yake. Rangi haimvutii kwa sababu hakuichagua yeye. Pine zimeshatembea. Mikono ya mafundi haiuzishwi tena, imekwisha siku ileile fundi alipolipwa. Inabaki turbo, na hapo kuna shida kubwa kuliko zote: turbo kwa mnunuzi mwenye akili ni alama ya namna gari ilivyoendeshwa. Hakuna anayeweka turbo ili apeleke watoto shuleni polepole. Kwa hiyo kile ambacho muuzaji anakihesabu kama faida, mnunuzi anakihesabu kama kuchoka kwa pistoni, kwa ambreyaji na kwa bwate ya vitesi.

Wale wanaopenda gari hizi kweli wanaweza kuongeza kidogo juu ya bei ya kawaida. Lakini katika miji yetu ni wachache, wanajuana, na kila mmoja anajua gari ya mwenzake ilipasuka motere mwaka gani. Mtu wa familia hataki. Dereva wa teksi hataki, juu ya mafuta. Komisionere ataleta watu ishirini wa kupiga picha na hakuna hata mmoja wa kulipa.

Kwa sababu hiyo, njia inayorudisha pesa nyingi zaidi mara nyingi si kuuzisha gari jinsi ilivyo. Ni kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kuiuzisha kama gari ya kawaida, na vipuri vya pembeni kuviuzisha kimoja kimoja. Janti za 1,200 zinaweza kuleta nusu ya bei yake zikiwa peke yake, huku zikiwa chini ya gari hazileti kitu. Kompyuta vilevile, na turbo vilevile kama haijala mafuta. Anayetafuta turbo anatafuta turbo tu, si gari nzima, na mtu kama huyo anaweza kuwa Kampala ao Nairobi ambako vilabu vya wapenda Subaru na mashindano ya mbio viko vingi kuliko huku.

Lakini njia hiyo inadai kitu kimoja: vipuri vya asili viwe bado vipo. Hapo ndipo wengi wanakwama. Turbo ya zamani ilibaki kwa fundi kama sehemu ya malipo. Bomba la moshi liliuzishwa kwa kilo. Springi za asili zilikatwa ili gari ishuke, na springi iliyokatwa hairefuki tena. Anayeanza leo kubadilisha gari, hata kama hana mawazo ya kuiuzisha, aweke vipuri vya asili kwenye sanduku nyumbani kwake. Sanduku lile lina thamani kuliko rangi.

Si kila nyongeza inafaa kutolewa. Freni kubwa zibaki. Radiatere nzuri ibaki. Hizo hata mtu wa familia anazielewa.

Kinachopunguza bei kabisa

Kuna mabadiliko yanayofunguliwa kwa ufunguo namba 14, na kuna yanayofunguliwa kwa msumeno. Ya pili ndiyo yanaua bei. Gari iliyokatwa mabawa ili pine pana ziingie, iliyochomelewa vyuma ndani kama gari ya mashindano, iliyotobolewa kapo, hiyo haina tena njia ya kurudi. Itauzishwa kwa mtu anayetaka hivyohivyo ilivyo, na mtu huyo inabidi asubiriwe.

Kushusha gari, huku kwetu, ni jambo la kufikiri mara mbili. Barabara ya Goma yenye mawe ya volkano haisamehe gari iliyo karibu na chini, na matelemko ya Bukavu wakati wa mvua ni vilevile. Mnunuzi akiinama na kuona sufuria ya mafuta ya motere imebondeka na kuchomelewa, hana haja ya kuuliza maswali mengine.

Jambo lisiloonekana ni kompyuta. Motere ya kisasa haiendeshwi na vyuma peke yake, inaendeshwa na mahesabu yaliyoandikwa ndani ya kisanduku: mafuta kiasi gani, cheche wakati gani, turbo isukume hewa mpaka wapi. Aliyeyaandika upya mara nyingi alifunga kisanduku kwa neno la siri. Gari ikiuzishwa bila neno hilo, mwenye mpya hawezi kusahihisha chochote. Itabidi anunue kisanduku kingine na kulipa kuandika upya. Muuzaji anayeweza kutoa faili, neno la siri na namba ya simu ya aliyeandika ana kitu cha kuongeza kwenye bei. Asiyeweza, akubali kupunguza.

Na mahesabu yale yaliandikwa kwa mafuta gani? Swali hili karibu hakuna anayeliuliza. Japani, esansi ya hali ya juu inauzwa ikiwa na oktani karibu 100. Huku sehemu kubwa ya esansi inanunuliwa kwa kadafi kandokando ya barabara, ndani ya bido, na hakuna anayejua oktani yake wala kama imechanganywa. Motere iliyoandikiwa mafuta bora ikipewa mafuta dhaifu, esansi inawaka kabla ya wakati. Inasikika kama mawe madogo yanagonga ndani ya bati. Mtu akiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka. Dakika chache za mlima zinatosha.

Kuna na hewa. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na pale mgandamizo wa hewa umepungua karibu sehemu moja kwa sita. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Gari ya turbo inajitetea, lakini turbo yenyewe inabidi izunguke haraka zaidi ili ifikie kipimo kilekile, na inachoka mapema. Kwa hiyo mtu akisema gari yake ina “farasi 500”, aulizwe: zilipimwa wapi, kwa mashine gani, karatasi iko wapi? Kama hakuna karatasi, hizo ni farasi za mdomo.

Siku ya kupima

Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuogopa siku hii, na mnunuzi asikubali kuiruka. Gari ikaguliwe motere ikiwa baridi. Anayekuta motere imeshapashwa moto kabla hajafika ana haki ya kujiuliza kwa nini, juu moshi wa asubuhi ndio unasema kweli. Moshi wa bluu: motere inakula mafuta yake. Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu ya utamu: maji ya radiatere yanaingia ndani ya silinda. Moshi mweusi: esansi ni nyingi kupita kiasi, na kwa gari iliyobadilishwa hiyo mara nyingi ni kosa la aliyeandika kompyuta.

Baada ya hapo, mgandamizo upimwe silinda moja moja. Kifaa ni cha bei ndogo na garaji nyingi za mjini zinacho. Kinachotafutwa si namba kubwa tu. Ni namba zinazofanana. Silinda tano zikisoma 10 na ya sita ikisoma 7, gari ile inahitaji motere, hata kama inaondoka kama risasi. Kazi hiyo ifanywe na fundi ambaye si wa muuzaji. Mnunuzi ndiye amlipe. Yule fundi wa kijiweni anayesema “motere iko muzima kabisa, patron, haina shida” bila kufungua kapo, anafanya kazi ya komisionere.

Freni ndizo za kuangaliwa kuliko yote. Nguvu ambayo freni inapaswa kumeza haipandi sawasawa na mwendo: gari ikitoka kilomita 60 kwa saa na kufika 120, mwendo umekuwa mara mbili lakini kazi ya freni imekuwa mara nne. Watu wengi wanaongeza nguvu ya motere na kuacha freni zilezile za kiwanda, na pine za kwado zilizozibwa mara tano. Barabara zetu zina pikipiki, chukudu, mama mwenye mzigo mgongoni na watoto wanaotoka shuleni. Gari ya namna hiyo si ya kujaribiwa katikati ya mji mchana. Na muuzaji asimpe mnunuzi volani kabla ya kushika kitambulisho chake. Kuna watu ambao kazi yao ni kujaribu gari na kutorudi.

Kuhusu vilema vinavyojulikana, afadhali viandikwe. Sheria ya mikataba ya Kongo, ambayo msingi wake bado ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamfanya muuzaji ajibu kwa vilema vilivyofichika vinavyofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Kama alikuwa anavijua akanyamaza, hatarudisha pesa tu, atalipa na hasara iliyotokea. Lakini kilema ambacho mnunuzi alionyeshwa, kikaandikwa na akatia sahihi, hakiitwi tena kilichofichika. Kusema kweli kunamlinda muuzaji kuliko kunyamaza, ijapokuwa siku ile kunamtoa dola mia chache.

Gari mbili zilizouzishwa kwa bei ya ajabu

Kila mara mazungumzo haya yakianza, kuna mtu atataja gari za filamu. Na ni kweli. Supra ya rangi ya machungwa ambayo Paul Walker aliendesha ndani ya filamu The Fast and the Furious ya 2001 iliuzishwa kwa mnada wa Barrett-Jackson, Las Vegas, mwezi wa sita 2021, kwa dola 550,000. Nissan Skyline GT-R ya bluu ya mwaka 2000, ambayo mwigizaji huyohuyo aliendesha katika filamu ya 2009, ilionyeshwa Bruxelles na kuuzishwa na kampuni ya mnada Bonhams mwezi wa tano 2023 kwa dola 1,357,000. Zote mbili zimebadilishwa sana.

Vijana wanazitaja kama ushahidi kwamba mabadiliko yanaongeza bei. Ukweli ni kinyume. Mtu aliyelipa pesa ile hakununua turbo, maana turbo kama ile angeipata kwa bei ndogo sana. Alinunua historia, na historia ile ilikuwa na karatasi: nani alijenga, kwa filamu gani, namba gani ya shasi. Gari nyingine iliyopakwa rangi ileile na kupewa vipuri vilevile, bila karatasi hizo, ni nakala tu.

Kuna na sababu nyingine inayopandisha bei za GT-R huko Marekani. Sheria yao ya 1988 inafungia gari za nje zisizotimiza kanuni zao za usalama, lakini inaziachilia zikifikisha miaka 25. GT-R ya R34 ilianza kutoka 1999, kwa hiyo mlango ulianza kufunguka 2024, na wenye pesa wanazisubiri. Wengi wao wanatafuta zile ambazo hazijaguswa. Mwenye Skyline huku kwetu asihesabu soko hilo kama lake. Gari ikiwa na shasi iliyochomelewa na historia isiyojulikana, haitavuka bahari mara ya pili.

Volani, mipaka na namba za motere

Kongo inaendesha upande wa kuume, sawa na Rwanda na Burundi. Japani, Uganda, Kenya na Tanzania zinaendesha upande wa kushoto. Gari zilizopita Mombasa ao Dar es Salaam kutoka Japani zina volani upande wa kuume, na nyingine zinapita kwanza Dubai na miji mingine ya Emirati ambako volani inahamishwa upande wa pili. Kwa gari ya mwendo, uhamishaji huo ni badiliko zito kuliko turbo. Fimbo ya volani, pedali ya freni na dashibodi vyote vimetolewa na kurudishwa. Kama kuna mahali pamechomelewa kwenye fimbo ya volani, mnunuzi ajue maisha yake yanashikiliwa na alama ile. Muuzaji anayejua kwamba volani ilihamishwa aseme.

Wengine wanafikiri watavusha gari na kuiuzisha kwa jirani. Kwa gari hizi njia ni nyembamba. Kenya haikubali kuingiza gari iliyopita miaka 8. Uganda, tangu sheria yake ya 2018, haikubali kuandikisha gari inayoingia ikiwa imepita miaka 15. Chaser ya 1998 iliyo Butembo haitapata plake mpya Kampala. Rwanda nayo ilishafunga mlango kwa gari ndogo za volani ya kuume. Ndiyo maana imesemwa hapo juu kwamba kipuri kinavuka mpaka kwa urahisi kuliko gari nzima.

Kinyume chake pia kipo: gari yenye plake ya Uganda inayozunguka Bunia ao Beni na inatangazwa kwa bei nafuu. Kama ushuru wa DGDA haukulipwa, mnunuzi hanunui gari, ananunua deni la mtu mwingine kwa forodha. Aombe karatasi ya ushuru kabla ya kuzungumza bei.

Halafu kuna namba. Gari iliyobadilishwa motere ina namba ya motere isiyolingana na ile ya zamani kwenye karatasi zake. Kwa muda wote gari iko mikononi mwa mwenyewe, labda hakuna aliyeuliza. Siku ya kuuzisha, ao siku ya ajali, ndipo kila mtu anauliza. Faktire ya motere ile ihifadhiwe, na mabadiliko yapelekwe kwenye ofisi inayoandikisha gari kabla ya kutafuta mnunuzi. Motere isiyo na faktire inaweza kuwa ilitoka kwenye gari iliyoibwa, na muuzaji hana namna ya kuonyesha kwamba si hivyo.

Bima pia inahusika. Bima ya madhara kwa wengine ni ya lazima nchini, na tangu sheria ya bima ya 2015 SONAS haiko tena peke yake sokoni. Kampuni yoyote itakayochaguliwa, ilitoa mkataba kwa gari iliyoelezwa kwenye karatasi. Kama karatasi inasema lita 2 bila turbo na barabarani kuna lita 2.5 yenye turbo, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa, na familia ya aliyegongwa inabaki na maneno.

Kupokea pesa na kukabidhi

Tangazo liwe fupi na la kweli: gari, mwaka, motere kwa herufi zake kamili, kilichobadilishwa, kilichobaki cha asili, kilema kinachojulikana, bei. Picha ya motere ni ya lazima kuliko picha ya janti. Komisionere akiwemo, sehemu yake ipatanwe kabla, si baada ya pesa kuonekana mezani.

Pesa nyingi za mkononi zisihesabiwe barabarani wala usiku. Benki, ao ofisi ya avokati, ni mahali pazuri, na noti za dola zikaguliwe palepale. Anayetaka kulipa kidogo kidogo asipewe gari mpaka amalize, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu, maana gari ya mwendo inaweza kumaliza motere kabla deni halijaisha, na hapo hakuna atakayelipa motere iliyokufa.

Akti ya mauzo iandikwe kwa nakala mbili, na namba ya shasi, namba ya motere, tarehe na hata saa. Saa inaonekana kama jambo dogo. Lakini gari ikigonga mtu saa kumi na moja jioni na iliuzishwa saa nane mchana wa siku ileile, karatasi yenye saa ndiyo itatenganisha mwenye zamani na mwenye mpya. Karte roze isibaki kwa jina la zamani kwa ahadi ya “tutabadilisha mwezi ujao”. Miji yetu ina wauzaji walioitwa polisi kwa gari ambazo walishazisahau.

Siku ya kukabidhi, pamoja na funguo, mnunuzi apewe sanduku la vipuri vya asili kama lipo, faktire zote, faili na neno la siri la kompyuta, na aambiwe wazi mambo matatu: mafuta ya motere yanabadilishwa kila kilomita ngapi, turbo imewekwa isukume hewa mpaka kipimo gani, na esansi gani isiwekwe hata siku moja. Mwenye zamani ndiye peke yake anayejua majibu hayo, na baada ya wiki moja simu yake huenda haitapatikana tena.